Nilimlaza Nyanya Akiwa Mzima

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo ni ya kitanda. Si sauti kubwa. Ni kitanda cha mbao cha nyanya yangu, kile ambacho mguu mmoja umefungwa kwa waya, na mtu akikilalia husema kwiii, kinanyamaza, halafu kinaongeza kwi kidogo kama mtu aliyesahau neno la mwisho. Nililala kwenye kitanda hicho nikiwa mtoto, na sauti yake ilikuwa ikinibembeleza. Lakini siku moja, mchana kweupe, kililia hivyo nyanya akiwa mzima wa afya, na mimi ndiye niliyemlaza.

Hamjambo akina mama na dada zangu wa hapa Majimbo. Mwenyekiti wenu aliniomba nije niwaambie faida ya chama cha akiba kabla hamjanunua sanduku lenu. Nikamwambia faida nitaisema, lakini itabidi nipitie kwenye aibu kwanza, kwa sababu huko ndiko nilikopitia. Akasema, "Wewe kuja tu." Basi nimekuja, na nimeyaandika kwa daftari ili nikianza kulia nisipotee njia. Mkiona natabasamu mahali pa kulia, nisameheni, uso wangu ndivyo ulivyoumbwa. Majina ya watu sitataja.

Mimi nilizaliwa Maua, kule juu. Mama yangu alienda kutafuta kazi nikiwa bado nanyonya, na habari zake zikawa zinakuja kidogo kidogo mpaka zikaisha. Nyanya akanilea. Mimi namwita shosho. Karo ilipokosekana nikiwa kidato cha pili, shosho aliuza wawili kati ya mbuzi wake, ikatosha muhula mmoja, halafu ikakosekana tena. Nikamwambia, "Shosho, wacha mbuzi wabaki. Mimi nitatumia mikono." Nikashuka Embu, nikapata kazi pale Manyatta sokoni kwa fundi wa sare za shule. Mimi kazi yangu ilikuwa kushona vifungo na kukunja.

Lakini kichwa changu hakikuwa kwenye vifungo, kilikuwa kwenye sweta. Nyinyi mnajua baridi ya huku kwetu. Kila mtoto anavaa sweta ya shule, na kila Januari mama analia bei. Nikawa naota mashine ya kufuma. Naota rangi: hii ya kijani ni ya shule ile, hii ya damu ya mzee ni ya shule ile nyingine. Niliota mpaka jina la duka. Fundi wangu alikuwa akiniambia, "Wewe msichana, shona kifungo, duka lako halijafunguliwa bado."

Mama mmoja anayechuma majani chai, mteja wa pale, ndiye aliyenivuta kwa chama. Yeye ndiye mwenyekiti. Tulikuwa wanawake ishirini na wawili, mimi mdogo kuliko wote. Tulikutana kila Jumatano alasiri, baada ya majani kupimwa, nyuma ya kanisa. Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu wasio wa boma moja. Ukija unaweka akiba yako. Halafu pembeni unaweka shilingi hamsini kwenye kikopo cha bluu. Hicho kikopo, ndugu zangu, ndicho hadithi yangu yote.

Kikopo cha bluu ni cha wagonjwa. Mkopo wa kawaida unarudishwa na faida. Pesa ya kikopo haina faida. Ukiweza unarudisha, usipoweza wenzako wanakusamehe. Na hakuna anayekuuliza karatasi ya hospitali. Unasimama, unasema, "Nina mgonjwa," mwenyekiti anauliza, "Nani, na anaumwa nini?" na kikopo kinafunguliwa. Mimi nilipoona jambo hilo mara ya kwanza nilishangaa. Sikuwahi kuona mahali ambapo neno la mtu maskini linatosha.

Na neno hilo ndilo nililoliharibu.

Ilikuja habari kwamba kuna mama mmoja Embu mjini anauza mashine yake ya kufuma kwa sababu macho yamechoka. Nikaenda kuiona. Nikaishika. Nawaambia ukweli, niliishika kama watu wanavyoshika mtoto mchanga. Alitaka elfu thelathini na tano. Mimi nilikuwa na ishirini na tatu. Akaniambia kuna mteja mwingine anakuja Ijumaa. Chama hakingenikopesha, maana nilikuwa tayari na mkopo wa nyuzi, na kwetu mkopo juu ya mkopo haupewi. Nilikuwa nimebakisha elfu kumi na mbili na siku mbili.

Jumatano nikasimama. Nikasema, "Nina mgonjwa."

Mwenyekiti akauliza, "Nani, mwanangu, na anaumwa nini?"

Nikasema, "Shosho wangu, kule Maua. Kifua. Hata kitandani hawezi kuamka."

Mbona nilimchagua yeye? Nimejiuliza mara nyingi. Ni kwa sababu yeye pekee ndiye niliyekuwa naye. Uongo unahitaji mtu unayempenda, la sivyo hautaaminika.

Kikopo kikafunguliwa. Elfu kumi na mbili, karibu yote iliyokuwa ndani. Mweka hazina wetu, mama mmoja ambaye mdomo wake hauna breki, ndiye aliyehesabu, na siku hiyo hata yeye alinyamaza. Alinikunjia noti kwenye leso yake mwenyewe akasema, "Mwambie shosho apone haraka, tunataka kucheza kwa harusi yako." Nikajiambia nitarudisha zote kufikia Januari, sweta zikiuzwa. Nikajiambia ni kama kukopa tu, isipokuwa hawajui. Ijumaa asubuhi mashine ilikuwa kwa chumba changu.

Sasa sikilizeni kosa langu la pili, ambalo ni la ujinga. Desturi ya chama chetu ni kwamba aliyepewa pesa ya mgonjwa hutembelewa. Si kwa kumchunguza. Ni kwa sababu mgonjwa anataka uji na watu, si pesa peke yake. Mimi hilo nililijua. Lakini nikahesabu: Manyatta mpaka Maua ni safari ya nusu siku na nauli ni kubwa, hawa akina mama wana ng'ombe wa kukamua, hawatakuja. Watanitumia salamu tu. Nikasahau kwamba mwenzetu mmoja, mama mpole anayekaa nyuma siku zote, mume wake ni dereva wa gari la miraa. Gari hilo hushuka Nairobi likiwa limejaa kabla hakujakucha, na asubuhi hupita Embu likirudi Maua. Likirudi huwa tupu.

Jumatano iliyofuata mwenyekiti akatangaza kwa furaha: "Mume wa mwenzetu amekubali kutubeba bure. Jumamosi tunaenda kumwona shosho!" Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Nilipiga makofi, ndugu zangu, nikiwa nataka ardhi inimeze.

Nilimpigia shosho simu siku tatu. Haikuingia. Simu yake huchajiwa dukani, na yeye huisahau huko wiki nzima. Jumamosi tukashuka Embu, tukapanda pikapu, sisi kumi na mmoja, tukatandika magunia nyuma. Kila mama alikuwa na kiondo: ndizi mbichi, unga wa wimbi, mayai yaliyofungwa kwa gazeti. Mweka hazina alishika jerikeni ya maziwa kati ya magoti kama mtoto. Dereva akafungua kidirisha cha nyuma akasema, "Akina mama, shikilieni. Hili gari limezoea miraa, miraa haisemi pole pole." Wakacheka. Wakaimba kuanzia Runyenjes mpaka Chuka. Mimi nikasema natapika, na haikuwa uongo.

"Huyu mtoto anampenda nyanya yake," mwenyekiti akasema, akanifunika kwa shuka lake.

Tulipofika kwa njia ya boma letu nikaruka kabla gari halijasimama vizuri. Nikasema, "Ngojeni kidogo, wacha nione kama amevaa." Nikakimbia. Nikamsikia kabla sijamwona. Alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni huku anaimba. Shosho wangu ana miaka zaidi ya sabini na shoka analirusha kama kijana.

Akaniona akafurahi. "Mwanangu! Mbona hujasema unakuja?"

Nikapiga magoti kwenye vipande vya kuni. Nikasema yote kwa pumzi moja. "Nilisema uko mgonjwa, nikapewa pesa, nimenunua mashine, wamekuja kukuona, wako hapo nje kumi."

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipiga na mpini wa shoka. Alinitazama, akatazama upande wa njia ambako wageni walikuwa wanashuka wakicheka, akaegemeza shoka ukutani polepole. Akauliza neno moja tu: "Wametoka Embu?"

"Ndiyo, shosho."

"Na vyondo?"

"Ndiyo."

Akafuta mikono kwa kanga. Akaingia ndani. Nami nikasimama mlangoni nikasikia: kwiii. Halafu ile kwi ndogo.

Wakaingia wameinama, sauti chini, kama watu wanavyoingia kwa mgonjwa. Walijaribu kumsalimia kwa Kimeru, "Muga, shosho, muga," wakakosea, yeye akaitikia kwa sauti ndogo. Mweka hazina akamwekea mkono kwenye paji la uso. Kumbukeni alikuwa ametoka kupasua kuni! Akasema, "Uui, angalieni jasho! Homa imemshika huyu." Mwingine akamshika kifua akasema moyo unaenda mbio. Wakatazamana kwa huzuni. Mwenyekiti akawasha moto, uji wa wimbi ukapikwa na yale maziwa, na shosho akanyweshwa kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, na mikono ile iliyokuwa na shoka ikiwa imefichwa chini ya blanketi.

Halafu wakaomba. Yule mama mpole, mke wa dereva, ndiye aliyeomba. Alisema, "Mungu, huyu mzee hatumjui, lakini mtoto wake ni wetu." Nilifungua macho katikati ya maombi. Shosho pia alikuwa amefungua. Tulitazamana. Machozi yalikuwa yanamshuka kuingia masikioni, na wageni walipoona wakasema Roho ameshuka.

Walipoondoka, mimi nikabaki. Shosho aliinuka akaketi kitandani. Kisha akasema, "Kwa mdomo sijasema neno. Lakini mwili wangu wote umesema uongo. Tangu nizaliwe sijawahi." Nikaanza kumwomba msamaha, akainua mkono. "Mimi si wao. Nikikusamehe mimi, ni nani atawaambia wao?" Ule unga na zile ndizi hakugusa. Alimpelekea jirani mmoja aliyekuwa anaumwa kweli. Vyondo akavitundika ukutani, kumi, vitupu.

Nikarudi Manyatta. Nikafuma. Nyuzi zilikuwa zinateleza, sweta zikatoka nzuri, na nikauza chache. Kila Jumatano wananiuliza, "Shosho anaendeleaje?" nami najibu, "Anaendelea." Ukisema uongo mmoja unafikiri umemaliza. Kumbe umeolewa nao. Unaamka nao na unaupikia.

Shule zilipofungwa Agosti nikapanda kwenda kumwona, nimembebea sweta. Nilikuta godoro liko sakafuni, kwenye pembe. Kitanda kiko wazi, mbao tupu.

"Shosho, mbona unalala chini? Baridi yote hii!"

Akasema, "Hapo ni mahali pa mgonjwa. Mimi si mgonjwa."

Na tena, jirani akanivuta kando akaniambia kwamba shosho siku hizi anakaa kiti cha nyuma kanisani, na siku ya meza ya Bwana hainuki. Mama ambaye alikuwa anatangulia! Watu walimuuliza kama ana ugomvi na mtu, akasema, "Nina jambo sijalinyoosha." Sweta yangu aliikunja vizuri, akairudisha kwa mfuko wangu. Nilishuka na hiyo sweta mpaka Embu nikiwa nimeikumbatia.

Mngefikiri hapo ningesema. Sikusema. Niliogopa kupoteza mashine, na niliogopa nyuso zao. Ilibidi niletwe mpaka ukutani.

Yule dereva aliyetubeba bure alishikwa na tumbo akiwa njiani, akapelekwa hospitali, wakasema ni lazima apasuliwe. Jumatano mke wake akasimama. Huyo mama hajawahi kuomba kitu tangu niingie. Alisema kwa sauti ambayo ilibidi tuinamie kuisikia, "Nina mgonjwa."

Kufuli tatu zikafunguliwa. Mweka hazina akakitoa kikopo cha bluu, akakihesabu mara mbili, akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akasema, "Mama, kikopo kiko chini. Unajua ziliondoka nyingi, hakijajaa tena. Tuna elfu nne na mia kidogo."

Mke wa dereva akaitikia kwa kichwa. Halafu akasema, "Si neno. Zilienda kwa shosho. Ni mume wangu mwenyewe aliyetupeleka, alimwona kwa macho. Alikuwa anastahili."

Hakusema kwa uchungu, jamani. Angesema kwa uchungu ningeweza kukaa. Alinigeukia hata akanishika goti, ananifariji mimi.

Nikainuka. Nikasema, "Ngojeni, nakuja." Walifikiri nimeenda haja. Nikakimbia mpaka chumbani kwangu, nikaifungua mashine kutoka mezani, nikaifunga kwa shuka, nikaibeba mgongoni kwa kamba kama mzigo wa kuni. Niliingia nyuma ya kanisa nikiwa nahema. Nikaiweka katikati, karibu na sanduku. Nikafunua.

Nikasema, "Huyu ndiye mgonjwa mliyemwombea."

Hakuna aliyeelewa. Mweka hazina akasema, "Huyu msichana amechanganyikiwa." Nikawaeleza kutoka mwanzo. Shoka, jasho, uji. Halafu mweka hazina akasimama, na breki zake mnazijua.

"Ati nini? Na maziwa yangu? Lita tano! Nilimnyima ndama, nikambebea shosho mzima anayepasua kuni! Nilimshika paji la uso! Nikasema homa!" Kuna mama alicheka kwa bahati mbaya akafunika mdomo. "Mnacheka? Mtu akisimama hapa tena aseme ana mgonjwa, mimi nitamwaminije? Niambieni! Itabidi tuanze kuleta karatasi za daktari kama watu wasiojuana!"

Hilo ndilo lililonichoma. Si maziwa. Ni kwamba nilikuwa nimewafanya watu wasiojuana.

Wengine wakasema nifukuzwe. Mwenyekiti alingoja wamalize, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Na nyanya yako, tuliyemnywesha uji kitandani? Analala wapi siku hizi?"

Nikasema, "Chini."

Akafunga macho kidogo. Kisha akasema, "Kwanza tuokoe mtu."

Jioni hiyo kabla jua halijazama mashine iliuzwa kwa fundi mmoja wa mjini, kwa bei ya chini kidogo. Elfu kumi na mbili zikarudi kwa kikopo na zikatoka palepale kwenda hospitali. Nilitaka wachukue zote, mwenyekiti akakataa. Akasema zilizobaki ni jasho langu, zilipe mkopo wa nyuzi. Na hukumu ikatolewa: mwaka mmoja sikopi. Na mwaka huo mmoja, kila nyumba ya mwanachama yenye mgonjwa, mimi ndiye wa kwanza kufika. Nitachota maji, nitafua, nitakata nyasi ya ng'ombe. "Umecheza na ugonjwa," mwenyekiti akasema, "sasa uujue."

Nilimpigia shosho. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, simu iliingia. Nikamwambia nimesema. Akasema, "Basi Jumatano nakuja. Nina vyondo vya watu."

Nilimwambia hana haja, kosa ni langu. Akakata simu. Alikuja, ndugu zangu, na magunia mawili ya vyondo, kila kiondo kimejaa: viazi vikuu, njugu, ndizi. Kwetu kiondo cha mtu hakirudi kitupu. Akasimama mbele ya wale wanawake, mgongo umenyooka. Kiswahili chake ni kidogo, kwa hiyo akasema kwa Kimeru, na mimi ndiye niliyetakiwa kutafsiri.

"Mimi ndiye mgonjwa wenu," nikatafsiri. "Mlikuja mbali. Mlinipa uji nami nikaunywa. Mtoto alidanganya kwa mdomo, mimi nikadanganya kwa kulala. Nilimficha kwa sababu ya aibu yangu. Kwa hivyo naomba..." Hapo nikashindwa kulitoa neno. Nilijaribu mara tatu. Yule mzee asiye na kosa, anaomba, na mdomo unaoomba ni wangu.

Ni mweka hazina aliyemaliza. Kimeru anakielewa kidogo. Akasema kwa sauti nzito, "Msamaha. Anaomba msamaha. Keti, shosho. Keti kabla sijalia mbele ya watu." Akamletea kiti. Halafu akaongeza, "Na hizo kuni unazipasuaje kwa umri huo? Mimi mgongo unanisumbua." Shosho akacheka, na wote tukacheka tukiwa na machozi. Wale akina mama wakapokea vyondo vyao mmoja mmoja.

Hapo si mwisho, msidhani kusamehewa ni kama kuzima taa. Ule mwaka ulikuwa mrefu. Mweka hazina aliposhikwa na mgongo nilimfulia miezi miwili, na kila nikimpikia uji aliutazama kwanza, kisha ananitazama, kisha anakunywa. Ilikuwa haki yake. Yule dereva alipotoka hospitali nilimkatia nyasi. Aliniambia jambo. Kwamba zamani alikuwa anamwambia mke wake chama ni mahali pa umbea, na pesa yake akimficha. Alipolala pale wodini akaona wanawake wanaingia kwa zamu, na bili ikalipwa na shilingi hamsini hamsini, akaona aibu. Siku hizi mke akichelewa shambani, yeye ndiye anayeleta akiba yake, anasimama mlangoni na kofia mkononi kama mwanafunzi. Na wamekaa chini wakapanga pesa ya miraa pamoja, mara ya kwanza tangu waoane. Akinipita barabarani anapiga honi na kupaza sauti, "Shosho ako aje? Homa imeshuka?" Inaniuma kila mara. Na kila mara ninacheka.

Halafu Jumatano moja mkutano ukiwa unaendelea, simu ya mweka hazina ikalia, ng'ombe wake anazaa. Akavua ufunguo wake shingoni. Akatazama huku na huku, akanitupia mimi. "Shika huo. Ukipotea nakutafuta mpaka Maua, na njia sasa naijua." Nikaushika kwa mikono miwili mpaka aliporudi, na chuma kikaniachia alama kwenye kiganja.

Basi mniruhusu nishukuru. Namshukuru mwenyekiti aliyeuliza mahali nyanya analala kabla ya kuuliza pesa ziko wapi. Namshukuru yule mama mpole aliyenishika goti. Nashukuru hata kwa lita tano za maziwa. Na shosho, ambaye alikataa kunisamehe peke yake.

Na nyinyi wa Majimbo, mkinunua sanduku, nunueni kufuli nzuri. Lakini kufuli hailindi kikopo cha bluu. Kinalindwa na neno la mtu anayesimama na kusema, "Nina mgonjwa." Mkilinda neno hilo, mtashangaa: mume ataanza kumwambia mkewe mshahara, na watoto wataona jambo ambalo sisi wengine hatukuliona nyumbani. Na mmoja wenu akianguka, kwa sababu ataanguka, msimwache aendelee kuficha uongo wake. Mwulizeni ni nani anayelala chini kwa sababu yake. Mimi ndoto ya sweta bado ninayo, msiniangalie hivyo! Sasa nafuma kwa sindano mbili, na mwezi ujao nitasimama kuomba mkopo, mkopo wa kweli, wenye faida.

Nimalizie na Jumapili iliyopita. Mwaka wangu wa hukumu uliisha, ule ambao shosho alisema ataungojea pamoja nami akilala chini, nikapanda Maua. Shosho aliamka mapema, akavaa ile sweta niliyomfumia, ambayo safari hii aliipokea, akajifunga kitambaa cheupe. Ilikuwa siku ya meza ya Bwana. Nilitaka kumsindikiza, akasema, "Baki. Mahali pangu mbele napajua." Akiwa mlangoni akaongeza bila kugeuka, "Godoro liko pale."

Nikabaki peke yangu. Nikalitoa nje godoro nikalianika, nikalipiga vumbi, nikaligeuza. Nikapangusa zile mbao, nikakaza waya kwenye ule mguu. Nikaliinua godoro kutoka chini nikaliweka kitandani, nikatandika shuka, nikachomeka pembe zote nne. Nikabonyeza katikati kwa kiganja, mara moja tu.

Kwiii. Na ile nyingine ndogo.

Nikanyoosha blanketi, nikafunga mlango, nikaenda kupasua kuni.